Mzimu wa Shuka Ndio Mkongwe

Oktoba mwaka jana watoto wa ploti yetu walifanyiwa Halloween pale chini kwenye maegesho. Mpwa wangu, ako Gredi ya 4, alishuka ngazi akiwa amejifunika shuka kuukuu ya mamake yenye matundu mawili ya macho. Hayo matundu nilikata mimi, na nilikuwa nimejiona fundi kabisa. Wenzake walikuwa na mabawa ya popo na barakoa za plastiki ambazo bado zilinuka duka. Dakika tano hazikuisha, kijana mmoja akasema, "Cheki mzimu wa Gikomba!" Wakaangua kicheko wote. Mpwa wangu akavua shuka, akaikunja vizuri, akakaa kwenye ngazi mpaka keki ikaisha.

Juzi ameniuliza, "Anko, mwaka huu utaninunulia ya ukweli?"

Ya ukweli. Hilo neno limenisumbua wiki nzima, kwa sababu ukifuata historia ya hii sherehe, ya shuka ndiyo ya ukweli. Ile ya plastiki imekuja juzi tu.

Tuanzie Ayalandi na Uskoti. Kabla ya jina Halloween kulikuwa na Samhain, sikukuu ya Wakelti ya kufunga mavuno na kuingia majira ya baridi. Ilianza jioni ya kuamkia Novemba 1, na watu waliamini kwamba usiku huo mizimu inaweza kutembea kati ya walio hai. Baadaye Kanisa likaweka Sikukuu ya Watakatifu Wote tarehe hiyo hiyo, na jina Halloween lenyewe lina maana ya mkesha wa hao watakatifu.

Sasa, mapambo walitoa wapi? Shambani. Walichukua tanipu, mzizi wa mviringo ulio mgumu kama jiwe, wakaukomba ndani, wakachonga macho na meno, kisha wakaweka mshumaa au kaa la moto. Kuna jumba la makumbusho huko Mayo, Ayalandi, lenye nakala ya plasta ya taa moja ya aina hiyo kutoka Donegal, ya mwanzoni mwa karne ya 20. Ina uso uliokunjamana na meno machache. Wasee, hakuna barakoa ya duka inayotisha hivyo. Na ni mboga tu.

Uskoti nako watoto walivaa nguo kuukuu za wakubwa, wakajipaka masizi usoni, wakazunguka mlango hadi mlango. Hawakupewa kitu bure. Ulikuwa uimbe au ukariri shairi, ndipo upewe njugu, tofaa au sarafu. Mshairi Robert Burns aliandika shairi refu kuhusu usiku huo mwaka 1785, na humo vijana wanaingia shambani macho yamefungwa kung'oa mashina ya keli, jamaa wa karibu kabisa wa sukuma wiki yetu. Shina likiwa limenyooka, mchumba wako atakuwa amenyooka. Likitoka na udongo mwingi kwenye mizizi, atakuja na pesa. Huo ndio uliokuwa mchezo wa sherehe, na kesho yake hakuna kitu cha kutupa.

Halafu ikaja njaa kuu ya Ayalandi, 1845 hadi 1852, ugonjwa ulipoharibu viazi. Watu karibu milioni moja walikufa, na wengine zaidi ya milioni moja wakahama, wengi wao wakienda Marekani. Sherehe yao walienda nayo. Kule wakakuta boga, yaani malenge, ambalo asili yake ni huko huko Amerika. Ni kubwa na ni rahisi kukomba kuliko tanipu. Kwa hivyo hata hilo boga maarufu la Halloween ni kazi ya wahamiaji waliotumia walichokipata walipofika.

Duka liliingia polepole. Mwaka 1909 kampuni ya Dennison ya Massachusetts, iliyokuwa ikiuza karatasi laini za mapambo, ilianza kuchapisha vijitabu vya kuonyesha jinsi ya kupamba nyumba na kushona mavazi ya Halloween kwa karatasi hizo. Unaona ujanja? Walikuuzia karatasi, lakini kazi bado ulifanya wewe. Mwaka 1937, New York, ikaanzishwa kampuni ya Ben Cooper, ambayo baadaye ilikuwa kati ya watengenezaji wakubwa wa mavazi ya Halloween Marekani. Unafungua boksi, unatoa barakoa nyembamba ya plastiki na gauni lenye picha ya mhusika wa filamu au katuni, unavaa, umemaliza. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, mgao wa sukari ulipoisha Marekani mwaka 1947, peremende nazo zikajaa kwenye mifuko ya watoto.

Hata hivyo si kila mtu alifuata njia ya boksi. Mwaka 1950 familia moja ya Pennsylvania iliwapa watoto pakiti tupu za maziwa zilizopambwa, wakazunguka usiku wa Halloween kuomba sarafu za kuwasaidia watoto wenzao kupitia UNICEF. Zilipatikana dola 17. Wazo hilo likaenea Marekani na Kanada, na miaka mingi baadaye watoto bado walikuwa wakichanga kila Oktoba. Yote yalianza na pakiti za maziwa, kama zile tunazotupa kila asubuhi baada ya chai.

Linganisha na sasa. Mwaka 2019 mashirika mawili ya Uingereza yalichunguza nguo za Halloween kutoka kwa wauzaji 19, yakakuta asilimia 83 ya malighafi yake ni plastiki, nyingi ikiwa poliesta. Nguo ya usiku mmoja, imetengenezwa na kitu kisichooza. Sisi hapa Kenya tulipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017, watu wakazoea vikapu. Lakini plastiki hiyo hiyo ikishonwa mabawa ya popo, tunailipia elfu mbili na kusema asante.

Na sijitoi. Mwaka juzi nilinunua vazi la mifupa la poliesta, nikapiga picha kumi na moja, likachanika mgongoni kabla ya saa sita usiku. Bado liko chini ya kitanda.

Tusidanganyane pia: wazee wa Donegal hawakuwa wanaharakati wa mazingira. Walichonga tanipu kwa sababu hawakuwa na pesa. Na zile nguo za karatasi zilikuwa hatari karibu na mshumaa. Lakini kuna kitu walikuwa nacho ambacho sisi tumekiuza. Kila mtoto aliweza kuingia. Masizi yalikuwa kila nyumba, na nguo kuukuu zilikuwa kila nyumba. Vazi la boksi lilipokuja, sherehe ikawekewa kiingilio, na asiyekuwa nacho anakaa kwenye ngazi. Hapo ndipo mimi naumia zaidi, hata kuliko kwenye takataka.

Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Mwaka huu tunanunua boga moja sokoni. Nyama ya ndani tutachemsha tule na chai, mbegu tutakaanga, ganda litakuwa taa. Barakoa tutatengeneza kwa magazeti na gundi ya unga. Na nimewaomba wazazi wa ploti kwamba kila mtoto aje na kitu alichotengeneza nyumbani, wote, ili asiwepo wa kuchekwa. Wanne wamekubali. Mmoja amesema hana muda, na namwelewa.

Mpwa wangu nilimsimulia haya yote, hadi ile taa ya meno machache. Akafikiria kidogo.

"Sawa, Anko. Lakini mimi ndiye nitachonga. Na ile shuka usiitupe."