Jim Creighton: Alilipwa kwa siri, akafa akiwa na miaka 21

Wasikilizaji wetu mnapotuuliza mchezo wa kulipwa ulianza vipi, huwa tunaanza na soka. Leo twende kwenye besiboli ya Marekani, mchezo wa kurusha mpira mdogo na kuupiga kwa gongo, ambao una ndugu yake kriketi.

Jim Creighton alizaliwa New York mwaka 1841 na kukulia Brooklyn. Wakati huo besiboli ilikuwa ya ridhaa. Kanuni zilikataza kumlipa mchezaji. Hata hivyo, Creighton alipohamia klabu ya Excelsior ya Brooklyn mwaka 1860, inaaminika alipewa fedha chini ya meza. Ndiyo maana wengi humtaja kuwa mmoja wa wachezaji wa kwanza wa kulipwa, miaka 9 kabla ya Cincinnati Red Stockings kulipa kikosi chao waziwazi mwaka 1869.

Kwa nini alitafutwa hivyo? Enzi hizo kazi ya mrushaji ilikuwa kumpelekea mpigaji mpira unaopigika. Alirusha mkono ukitokea chini, bila kukunja kiwiko wala kuchezesha kifundo cha mkono. Creighton aliongeza kasi kubwa. Wapinzani walilalamika kwamba alikuwa akichezesha kifundo cha mkono kisirisiri, lakini waamuzi hawakuweza kumnasa. Tangu hapo mrushaji akawa mtu wa kumshinda mpigaji, kama ilivyo hadi leo.

Mwaka huo wa 1860 Excelsior walizunguka miji kadhaa, na watu walijaa kumtazama. Alicheza pia kriketi.

Tarehe 14 Oktoba 1862 alicheza dhidi ya Union ya Morrisania. Siku 4 baadaye alifariki, akiwa na miaka 21. Simulizi maarufu inasema alipiga pigo kubwa, akasikia kitu kimekatika tumboni. Watafiti waliorudi kwenye magazeti ya wakati ule hawakuliona pigo hilo. Uongozi wa Excelsior nao uliitupia kriketi lawama. Wengi sasa wanaona huenda alikuwa na ngiri iliyozidishwa na mazoezi na michezo mfululizo. Amezikwa makaburi ya Green-Wood, Brooklyn.

Tumeichagua habari hii kwa sababu ngiri bado ipo, kwa wachezaji na kwa wabeba mizigo na wakulima pia. Mara nyingi huanza kama uvimbe kinenani au kitovuni, unaotoka ukiinua kitu kizito na kurudi ukilala. Mwone daktari mapema. Uvimbe ukikaza usirudi, ukauma sana na ukaanza kutapika, hiyo ni dharura: wahi hospitali mara moja. Creighton aliishi wakati ambao upasuaji wa kumwokoa ulikuwa mgumu mno. Sisi leo unafanyika hospitalini, mradi tusichelewe.