Nchi Tunamoimbia: Visiwa na Bara ya Lamu

Wageni wetu wengi wa leo wamefika Mokowe kwa basi, wakavuka kwa boti, na huenda wakadhani Lamu ni mji huu mmoja wenye punda na vichochoro. Sivyo.

Lamu ni kisiwa hiki cha Amu, na Manda, Pate, Ndau na Kiwayu, pamoja na bara pana kutoka Witu hadi Kiunga, karibu na mpaka wa Somalia. Katikati ni mikoko; zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko kwetu. Maji ya mji huu hutoka chini ya vilima vya mchanga vya Shela. Manda maji baridi ni ya shida, na mji wake wa Takwa uliachwa tangu karne ya 17.

Wenyeji ni Waamu, Wapate, Wasiu na Wabajuni. Misituni wako Waaweer, ambao wengi huwaita Waboni, hodari wa kurina asali, na Waorma huchunga ng'ombe wao bara. Sisi wanakwaya, tuseme kweli, wengi ni watoto wa waliokuja. Baadhi ya wazazi wetu walipewa mashamba Mpeketoni, katika makazi ya Ziwa Kenyatta, miaka ya 1970. Wengine waliletwa na ualimu na kazi za serikali. Lakini kabla ya hapo, wakati wa vita vya shifta miaka ya 1960, Wabajuni wengi walikimbia mashamba yao ya bara, na si wote waliorudi. Jambo hili halisemwi sana kanisani. Tumeona ni haki liandikwe humu.

Juni 2014 watu wapatao 60 waliuawa Mpeketoni na vijiji vya jirani. Kisha ikaja amri ya kutotoka usiku, na mazoezi yetu ya jioni yakakoma. Tuliimba saa nane mchana, jua kali, kiti cha sauti ya tatu kikiwa nusu tupu kwa kuwa wenzetu walikuwa wamehama na jamaa zao. Majirani Waislamu walitupitishia maji ya kunywa dirishani. Wengine waliohama wamerejea, na mtawasikia leo.

Boti ya kurudi Mokowe ni saa kumi. Kusi limeanza kuvuma, na nahodha hangoji.