Meli za kale zafungwa injini mpya, Musoma bado inasubiri

Fundi yeyote wa gereji pale Musoma au Bunda anaijua kazi hii. Land Rover 109 bado ina nguvu mwilini, maana bodi yake ni ya alumini na hailiwi na kutu, lakini injini ya Kiingereza imechoka na spea zinapatikana kwa tabu. Injini inashushwa, maunti zinachomelewa upya, propela shafti inakatwa ikae sawa, kisha dizeli ya Kijapani inafungwa. Gari ni lile lile, muungurumo ndio mgeni.

Ziwani mafundi hufanya hivyo hivyo, ila kwa vyuma vizito zaidi.

MV Victoria iliundwa Glasgow na kiwanda cha Yarrow, ikaletwa Kisumu vipande vipande na kuungwa huko, na tangu 1961 ikazunguka Kisumu, Musoma, Mwanza, Bukoba na Port Bell. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977, meli ikabaki Tanzania. MV Bukoba ilipozama Mei 21, 1996, Victoria ikawa tegemeo la abiria wa Bukoba, hadi 2014 ilipoegeshwa.

Lakini kisa kitamu kuliko vyote kiko Ziwa Tanganyika. Meli tunayoiita Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa na kufungwa katika maelfu ya masanduku, ikavuka bahari hadi Dar es Salaam na kupanda reli hadi Kigoma. Ikaingia majini Februari 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Julai 26, 1916, maadui wakikaribia, Wajerumani waliamua kuizamisha wenyewe. Mafundi wao, ambao ndio walioiunga, hawakukubali iharibike: kabla ya kuizamisha waliipaka mashine ya mvuke grisi nene kila kona, kama mtu anayemfunika mtoto blanketi. Waingereza walipoiibua 1924, mashine ile ilikuwa bado inafaa. Mei 16, 1927, ikarudi kazini kama Liemba.

Kilichoing'oa mashine hiyo hatimaye hakikuwa vita wala maji. Miaka ya 1970 mvuke uliondolewa, ikafungwa dizeli. Mwaka 1993, kwa msaada wa Denmark, injini zikabadilishwa tena. Mkataba wa ukarabati mwingine ulisainiwa Novemba 2023, na mwaka 2027 Liemba inatimiza miaka 100 ya jina lake.

Victoria nayo ilipata zamu yake. Mwaka 2018 Serikali iliwapa kazi Yuko's Enterprises na KTMI ya Korea Kusini, kwa zaidi ya shilingi bilioni 22. Zikafungwa injini mpya, na mwaka 2020 ikarudi kazini ikiitwa New Victoria Hapa Kazi Tu, yenye nafasi ya abiria 1,200 na tani 400 za mizigo. Sambamba nayo ilikarabatiwa MV Butiama, ya abiria 200.

Hapo ndipo mtu wa Mara anapokunja uso. Meli hiyo ina jina la kijiji alikozaliwa Mwalimu Nyerere, lakini baada ya kufungwa injini ilipangiwa njia ya Mwanza na Nansio, Ukerewe. Mkulima wa Bugwema, mkoani Mara, anayelitazama ziwa karibu kila siku, mazao yake huenda Mwanza kwa lori. Wapangaji wa ratiba waiandike na Musoma, gati lipo.