Pazia la risasi: historia ya gemu lililokataa kufa

Wandugu, pamoja na nyie wa bwenini mnaosoma kimyakimya halafu mnanisema kwenye foleni ya msosi, leo naandika historia, ila si ile ya mkutano wa Berlin tuliyokaririshwa tangu sekondari. Ni historia ya magemu. Najua wapo watakaosema mwanachuo wa ualimu mwaka wa tatu anaandika mambo ya kitoto. Nisomeni mpaka mwisho, afu ndo mtukane.

Nazungumzia yale magemu ambayo skrini nzima inajaa risasi mpaka huoni pa kupita. Wajapani wanaziita danmaku. Dan ni risasi, maku ni pazia, yaani pazia la risasi. Wewe uko chini ya skrini na kindege au kijimtu chako, adui yuko juu anamwaga risasi za rangi, mamia kwa mamia, zinafunguka kama maua. Ukimtazama mtu anacheza unasema huyu ana mizimu. Ukicheza mwenyewe unakuta kuna siri, nami nitaisema.

Tuanze mwanzo. Mwaka 1978 kampuni ya Taito ya Japani ilitoa Space Invaders, kazi ya Tomohiro Nishikado. Adui wanashuka kwa mistari, na kadiri unavyowapunguza ndivyo wanavyozidi kwenda mbio. Kumbe haikupangwa hivyo! Mashine ilikuwa inalemewa na kazi ya kuchora adui wote, wakipungua inapata nafuu na kuchapa mwendo. Nishikado akaona inanoga, akaiacha. Miaka ya 80 magemu ya risasi yakatamba katika kumbi za mashine za kuweka sarafu, na kampuni ndogo ya Toaplan ikajenga jina lake humo. Risasi zilikuwa chache lakini za kasi, na zikikugusa popote umekwisha.

Halafu ikaja 1991. Capcom wakatoa Street Fighter II, gemu la ngumi. Watu wawili mashine moja, anayepigwa anatoka au anaweka sarafu nyingine. Hebu jiweke kwenye nafasi ya mwenye ukumbi. Fundi wa gemu la risasi anaweza kukaa nusu saa kwa sarafu moja. Gemu la ngumi linameza sarafu kila baada ya dakika chache, na aliyepigwa hakubali kwenda nyumbani bila kulipiza. Utaweka mashine ipi? Basi ndiyo hivyo, ngumi zikazifukuza risasi.

Toaplan wakatoa Batsugun mwaka 1993, na mwaka uliofuata kampuni ikafilisika. Hapo wengi wangefunga kitabu. Lakini kampuni ikifa, ujuzi unaondoka na miguu ya watu. Baadhi ya wafanyakazi wake, akiwemo mwandishi wa programu Tsuneki Ikeda, wakaenda kuanza upya katika kampuni mpya iitwayo Cave. Mwaka 1995 wakatoa DonPachi, 1997 wakatoa DoDonPachi. Wanaofuatilia historia hii wengi wanaihesabu Batsugun kuwa mzazi wa magemu ya pazia la risasi, na DoDonPachi kuwa ndiyo iliyoyasimamisha.

Sasa siri yenyewe. Watu hawa walizidisha risasi mara nyingi, lakini wakazipunguza kasi. Tena wakafanya sehemu ya chombo chako inayoweza kudhurika iwe kitone kidogo tu cha katikati. Risasi inaweza kupita juu ya bawa lako na usife. Yaani hatari unayoiona ni kubwa kuliko hatari iliyopo. Kwangu mimi hilo ni jambo la kushangaza: biashara ilikuwa inazama, nao badala ya kulainisha gemu wakalifanya litishe zaidi kwa macho, huku kwa ndani wakimtendea haki mchezaji.

Sasa njooni kwa mwanachuo mwenzetu. Jun'ya Ota, anayejulikana kwa jina la ZUN, alikuwa anasoma Tokyo Denki University. Alikuwa mtu wa muziki, akataka muziki wake usikike ndani ya gemu. Gemu hana. Akatengeneza. La kwanza katika mfululizo wake uitwao Touhou lilionekana 1996, kwa kompyuta za PC-98, na wala halikuwa la pazia la risasi, ni la kudundisha mpira. Kufikia 1998 alikuwa na matano. Baadaye akaajiriwa Taito, walewale wa Space Invaders. Mwaka 2002 akatoa gemu lake la kwanza la Windows, The Embodiment of Scarlet Devil, na kuliuza kwenye Comiket, soko kubwa la Tokyo ambako watu wa kawaida huuza kazi zao za mikono. Programu yeye, muziki yeye, hadithi yeye, michoro yeye. Tukumbushane hilo siku tunapogawana kazi ya kundi na watu watano wanamwachia mmoja.

Mimi nilianza na lililofuata, Perfect Cherry Blossom la 2003. Shujaa ni Reimu, binti mtunza hekalu, na mwenzake Marisa ni mchawi wa kupanda ufagio. Siku za kwanza nilikuwa nakufa kama kuku wa kideri. Kisha nikaanza kuona. Ukishikilia kitufe cha shifti unatembea polepole na kile kitone chako kinaonekana. Adui akitaka kupiga pigo lake kubwa analitangaza kwanza kwa jina, ndipo analipiga. Ukifa, ukirudi tena, pigo ni lilelile na njia ya kupita kwa kawaida ni ileile. Na ukipishana na risasi karibu kabisa bila kuguswa, gemu linakuhesabia. Linakusifu kwa kusogelea kinachokutisha.

Lakini tuwe wakweli wandugu, baada ya muda huchezi tena kwa macho. Unacheza kwa kumbukumbu. Umekuwa na desa la gemu zima kichwani.

Ndipo nikakutana na Immaterial and Missing Power. Hili lilitoka Desemba 2004, ZUN akishirikiana na kundi jingine dogo la Wajapani liitwalo Twilight Frontier. Ni gemu la ngumi! Wahusika ni walewale wa Touhou, wamesimama kushoto na kulia kama Street Fighter. Hadithi inahusu karamu zisizoisha, zinarudi kila baada ya siku tatu, na nyuma yake kuna zimwi mdogo mlevi aitwaye Suika. Risasi bado zipo, nyingi tu. Ukijirusha kwa kasi unazipenya bila kudhurika, ila hapohapo mwenzako anaweza kukudaka kwa teke. Maadui wawili wa 1991, risasi na ngumi, wamekaa meza moja. Mwanahistoria gani asingefurahi?

Na hapo desa langu likafa. Nikicheza na kompyuta naweza kubahatisha. Nikicheza na jirani yangu wa chumba cha pili, hakuna cha kukariri. Nikipiga juu mara mbili, ya tatu ananisubiri. Lazima nimsome yeye, si skrini.

Kwa nini nawachosha na haya? Mwezi ujao nakwenda kwenye mazoezi ya kufundisha, na nimekaa naangalia andalio langu la somo la kwanza. Limepangwa dakika kwa dakika, utangulizi, maswali, mpaka majibu ambayo wanafunzi watatoa. Ni pazia la risasi nililolikariri vizuri kabisa. Tatizo ni kwamba pale mbele kutakuwa na watu. Kuna atakayeuliza nisichokiandika, na kuna atakayenyamaza kwa sababu ameogopa. Hofu yangu, niseme ukweli, ni kwamba nikikwama nitafanya walivyotufanyia walimu wengi: kumpiga pigo mtoto bila kulitangaza, halafu kesho kulibadilisha.

Kwa hiyo nimefuta nusu ya lile andalio. Nafasi niliyoacha wazi ni ya kuwasoma wao. Mnaorudi kutoka mashuleni mwaka huu, niambieni, nimeacha nyingi mno? Semeni mapema kabla basi halijaondoka.

Haya, msuli mwema.