25 kwa 100

Mzee wangu alinunua ploti ya 50 kwa 100 kabla sijazaliwa. Aliilipia pole pole, mshahara baada ya mshahara, na mama alikuwa akisema kwamba ile ploti ndiyo mtoto wao wa kwanza. Nilipoitwa chuo kikuu kusomea mambo ya ujenzi, akauza nusu.

Hakuikata kwa upana, jambo ambalo lingetuachia kipande kizuri cha 50 kwa 50. Aliikata kwa urefu, kutoka barabarani hadi kule nyuma, kwa sababu kipande kisichogusa barabara hakina mnunuzi. Tukabaki na 25 kwa 100. Nikasoma semesta tatu, nikaacha. Sababu ninazo, lakini si za kusimuliwa hapa. Ploti haikurudi.

Tangu hapo naona mstatili kila mahali. Darasani tuliambiwa ni urefu mara upana, tukapiga hesabu, tukapewa alama, basi. Hakuna aliyeuliza kwa nini vitu vingi vina upande mmoja uliozidi mwingine. Vingine vina jibu rahisi. Kitanda, mlango, mkeka na jeneza vinafuata mwili wa mtu, nao mwili ni mrefu kuliko ulivyo mpana. Tofali lina upana unaoshikika kwa mkono mmoja wa fundi, na urefu wake ni upana huo mara mbili pamoja na nafasi ya udongo au saruji katikati, ili mafundi waweze kulilaza hivi na vile na ukuta ukafungana. Leso ni ndefu kwa sababu kazi yake ni kuzunguka kiuno na kubaki na pembe ya kukunjia.

Lakini chumba je? Mtu analala vizuri tu katika chumba cha mraba. Keja yangu hapa Nairobi ni futi 7 kwa 20. Nikinyoosha mikono, vidole vinakaribia kugusa kuta zote mbili. Wageni wangu hukaa kwenye mstari mmoja kama abiria wa matatu. Kwa muda mrefu nilidhani huu ni ubaya wa Nairobi peke yake, mpaka nilipoenda Lamu.

Nilienda mwaka juzi kwa kazi ya siku nne, kuandika maelezo ya nyumba za wageni. (Malipo yalifika baada ya miezi mitano, lakini tuyaache hayo.) Nililala katika nyumba ya zamani ya mawe, ndani ya mji wa kale. Ni nyumba nzuri: kuta za nusu mita hivi, chokaa nyeupe, baridi tamu hata saa saba mchana. Usiku wa kwanza nililala nikitazama dari, nikahisi niko kwangu. Chumba kilikuwa kirefu na chembamba. Asubuhi nikakipima kwa hatua, kisha nikapima cha pili na cha tatu. Urefu ulibadilika kutoka chumba hadi chumba. Upana haukubadilika. Hatua tatu na kidogo, kila mahali.

Jirani kulikuwa na mzee akirekebisha dari la nyumba nyingine. Nikamwamkia shikamoo, nikamuuliza kwa nini watu wa zamani walipenda vyumba vyembamba hivi. Akacheka. "Ndoo," akaniambia, "tizama yuu."

Juu kulikuwa na miti iliyopangwa sambamba, ukuta hadi ukuta, imekaribiana kama mbavu.

"Si kupenda, mwanangu. Boriti yaishia hapo."

Hiyo ndiyo sentensi niliyotoka nayo Lamu. Semesta tatu za ujenzi hazikuwa zimenipa yoyote ya kuifikia.

Boriti ni mti wa mikokoni. Watu wa pwani wana majina ya kila mti ulioko huko: mkoko wenyewe, mkandaa, muia, mchu, mlilana, mkomafi. Na mti ukishakatwa unapata jina jingine kwa unene wake: fito nyembamba, halafu pau, mazio, boriti, nguzo. Huuzwa kwa korja, yaani miti 20. Mkoko hata katika kuzaliwa kwake ni kitu cha urefu. Mbegu yake huanza kuota ikiwa bado inaning'inia kwenye mti mama, ikawa kama kalamu nene ya kijani inayoweza kupita nusu mita, ndipo idondoke na kuchoma tope au kuelea na maji hadi itakapopata pa kusimama.

Mti huu ni mgumu na mchwa hawaupendi. Unaweza kukua mrefu kuliko nyumba yoyote ya Lamu. Kwa hivyo shida haikuwa urefu wa mti. Shida ilikuwa uzito. Dari la nyumba ya mawe ya Kiswahili si makuti wala mabati. Juu ya boriti hupangwa vipande vya mawe ya matumbawe, na juu ya mawe hushindiliwa chokaa na kokoto mpaka iwe sakafu ya ghorofa inayofuata. Uupe mti mzigo huo kwa upana wa mita 4 na utapinda. Mita 2.5, hata zikikaribia 3, unabeba vizazi. Basi fundi hakuwa na cha kuchagua upande huo. Alichoweza ni kurefusha upande wa pili kadiri mwenye nyumba alivyokuwa na mawe na pesa. Mstatili ukazaliwa hapo.

Ukitaka nyumba kubwa, huwezi kupanua chumba. Unaongeza kingine nyuma yake, sambamba. Ndiyo maana nyumba ya Lamu unaingia kama unafungua kurasa. Nje kuna daka, baraza ya mlangoni ambapo mgeni anaweza kumalizwa haja yake bila kuingia. Kisha kiwanda (hapana, si cha sabuni, Lamu, kiwanda ni ua wa ndani ulio wazi juu). Kisha msana wa tini, msana wa yuu, halafu chumba kinachoitwa ndani, chenye ukuta uliojaa zidaka, vile vishubaka vya chokaa iliyochongwa. Sakafu nayo inapanda kidogo kadiri unavyoingia. Nyuma kabisa ni nyumba ya kati, mahali pa kuzalia na pa kuoshea maiti. Kadiri unavyoruhusiwa kuingia ndivyo unavyojua wewe ni nani kwa watu wale.

Hapa nataka kusimama kidogo, kwa sababu nyumba hizi zikiandikwa (nami niliziandika, kwa malipo) huwa ni uzuri mtupu. Nyumba zile zilikuwa za waungwana. Lamu ya karne ya 18 na 19 iliishi kwa jasho la watumwa, na katika baadhi ya nyumba hizo wao walikaa chini pamoja na mizigo huku familia ikiishi ghorofani kwenye upepo. Boriti ile ile iliyobana chumba cha tajiri haikumbana kwa namna ile ile mtu aliyelala chini yake. Katika maelezo niliyoandika, sehemu hii niliirudisha mara mbili, ikaondolewa mara mbili.

Boriti haikubaki pwani yetu. Al-Istakhri, mwanajiografia wa karne ya 10, aliandika kwamba nyumba za Siraf, bandari tajiri ya Uajemi, zilijengwa kwa mtiki na miti kutoka nchi ya Zanj. Nchi ya Zanj ni huku. Ghuba haina misitu ya kujengea, kwa hivyo kwa karne nyingi majahazi yalishuka na kaskazi, yakarudi na kusi yamejaa miti. Mwaka 1939 Alan Villiers, baharia Mwaustralia, alikuwa ndani ya jahazi la Kuwait lililopakia miti kwenye delta ya Rufiji, akaandika kitabu kuhusu safari hiyo. Kuwait waliiita chandal. Na vyumba vya nyumba za zamani za Kuwait na Bahrain vina tabia unayoijua sasa: urefu wowote, upana ule ule. Mtu alikuwa akilala jangwani ndani ya kipimo cha mti uliokatwa kwenye tope la Afrika Mashariki.

Halafu mafuta. Kuwait ilianza kuyauza nje mwaka 1946, na pesa ya mafuta ilinunua saruji na chuma. Huku kwetu serikali ilipiga marufuku kuuza miti ya mikoko nje ya nchi mwaka 1982. Lamu ndiko kuliko na zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, na mwaka 2018, serikali iliposimamisha ukataji wa miti kwenye misitu yote ya umma, wakataji wa Lamu nao walisimama. Sibishani na kulinda mikoko. Nasema tu kwamba nyumba ya mawe ambayo boriti yake imeoza inahitaji boriti, na yule mzee aliyenionyesha dari alikuwa akiweka mbao za msonobari.

Nilirudi Nairobi na swali moja. Kama Lamu ilibanwa na mti, keja yangu imebanwa na nini? Jengo letu ni la saruji na nondo. Nondo haina habari na futi 9.

Jibu liko kwenye ploti. Jengo letu limekaa kwenye 50 kwa 100, korido katikati, milango pande zote mbili. Chukua zile futi 100. Ukimpa kila mpangaji futi 10 pamoja na ukuta wake, unapata milango 10 kila upande. Ukimpunguzia hadi 7 na nusu, unapata 13. Hiyo ni milango 6 zaidi kwa kila ghorofa, na sisi tuna ghorofa 6. Kodi 36 za ziada, kila mwezi, na mpangaji wa 7 na nusu analipa karibu sawa na yule wa 10. Hesabu hii ingenipa alama nzuri chuoni.

Na ile 50 kwa 100 yenyewe ilitoka wapi? Kila tangazo la ardhi Kenya linaiita "eighth", yaani thumni ya ekari, na hapo tayari unaibiwa kidogo. Ekari ni futi za mraba 43,560. Gawanya kwa 8 unapata 5,445. Lakini 50 kwa 100 ni 5,000. Zile 445 huambiwa zimeenda barabarani. Lakini ekari nayo ni mstatili. Kwa asili ilikuwa kipande cha shamba cha futi 660 kwa 66, kazi ya siku moja kwa jozi za maksai wa Uingereza ya kale. Ilikuwa ndefu kwa sababu kugeuza maksai na plau ndiko kunakochosha. Bora waende mbali kabla ya kugeuka. Mwaka 1620 hivi, mwanahisabati Edmund Gunter akatengeneza mnyororo wa kupimia wenye futi 66, upana ule ule wa kipande, na Waingereza wakapima nao koloni baada ya koloni. Leo hati zetu zimeandikwa kwa hekta. Mtaani hakuna anayeuza hekta. Tunauziana maksai wa watu.

Mwezi wa nne mzee alinipigia. Amestaafu, amepata kitu kidogo, anataka kujenga kwenye kile kipande kabla pesa haijaisha kwa mambo mengine. Tukaongea kuhusu bei ya mchanga, halafu akanyamaza, halafu akasema, "Si wewe ulisomea hayo mambo?"

Hakusema kwa ubaya. Nafikiri hiyo ndiyo sababu niliona haya.

Nikaenda Jumamosi na tepu, kamba na vigingi. Nilikuwa nimemchorea kwenye daftari: vyumba vinavyofuatana kutoka barabarani kwenda nyuma, na katikati uwazi wa futi 12, bila paa, ili mwanga na upepo viingie pande zote mbili. Kiwanda. Nikamweleza kuhusu Lamu, boriti, msana wa tini na wa yuu. Alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza mvua ikinyesha maji ya hapo katikati yataenda wapi, nikamwonyesha mfereji. Akauliza kwa nini apoteze futi 12 ambazo zingekuwa chumba cha kupangisha. Nikamwambia bila hizo, vyumba vya katikati vitakuwa na giza kama changu.

Hajawahi kufika kwangu. Aliuliza giza kiasi gani. Nikamwambia taa yangu inawaka saa sita mchana.

Akachukua ncha ya kamba bila kusema kitu, akaenda kusimama kwenye ukuta wa yule aliyenunua nusu yetu. Mimi nikavuta upande huu. Tepu ikasoma futi 24 na inchi 8.

"Pima tena," mzee akasema.