Nafasi ya Bure na Mwenye Ufunguo

Mwaka 2003 Google ilipoanza kuyasaidia mashirika ya hisani kwa matangazo, haikuyapa fedha. Iliyapa nafasi: tangazo fupi la maandishi linalojitokeza mtu anapotafuta jambo mtandaoni, kwa thamani inayofika dola 10,000 kwa mwezi. Tusipotenganisha fedha na nafasi, hatutaielewa historia ya msaada huu, kwa maana anayekupa nafasi hubaki na ufunguo wa nyumba. Ndivyo ilivyokuwa hata kabla ya intaneti. Mwaka 1942, Marekani ikiwa vitani, watu wa biashara ya matangazo waliunda baraza lao, na magazeti na redio zikatoa nafasi bure kwa kampeni za vita. Amani iliporudi baraza lilibaki, na dubu wake Smokey, aliyebuniwa mwaka 1944, angali anawaonya Wamarekani juu ya moto wa msituni. Lakini mwenye gazeti ndiye aliyeamua tangazo litoke lini na ukurasa gani, na baraza lilichagua kampeni chache za kitaifa. Chama kidogo cha mtaani hakikuwa na pa kubisha hodi.

Hapo ndipo Google ilipoleta jambo jipya kweli, na ni haki kulisema: shirika dogo lililosajiliwa liliweza kuomba na kukubaliwa. Hata hivyo, nafasi yenyewe hupatikana kwa mnada. Mwanzoni shirika halikuruhusiwa kutaja zaidi ya dola 1 kwa kila mbofyo, kwa hiyo maneno yenye ushindani mkubwa yalichukuliwa na wanaolipa. Mwaka 2013 kikomo kilipandishwa hadi dola 2, lakini papo hapo matangazo ya hisani yakawekwa chini ya yale ya kulipiwa. Kwa bei hiyo ya juu, dola 10,000 zilikuwa wageni 5,000 kwa mwezi, yaani kama 164 kwa siku. Salio la mwezi halivuki kwenda mwezi unaofuata.

Mwaka 2018 masharti yakakazwa: katika kila mara 100 tangazo linapoonekana, libofywe walau mara 5, la sivyo akaunti inaweza kusimamishwa. Wapo wanaosema kwamba anayepewa bure hana haki ya kulalamika. Hoja hiyo ina uzito upande mmoja, kwa kuwa sharti hili linamlinda anayetafuta: aliyeuliza habari za kisukari asirushiwe tangazo la kuokoa tembo. Ila mzigo wake haukuwaangukia wote sawa. Shirika kubwa lina mtu wa kukagua maneno na kuandika upya matangazo kila wiki. Ofisi ya watu wawili hulipia kazi hiyo kwa saa zilizokusudiwa wagonjwa au yatima. Wengine watajibu kwamba bila mpango huu ofisi hiyo isingepata hata mgeni mmoja. Ni kweli, na kwa sababu hiyo siutaki ufutwe. Ninachokataa ni kuuhesabu kwa bei aliyoipanga mtoaji mwenyewe. Shirika linaloandika katika ripoti yake kwamba limepokea dola 10,000 liandike pia ni watu wangapi waliopiga simu, waliojitolea au waliochangia baada ya kubofya.