Dungusi au Jamaa ya Mnyaa? Historia ya Jina la Mmea Wenye Umbo la Nguzo

Mfasiri akutapo katika matini mmea mnene usio na majani, wenye miiba, uliosimama wima mfano wa nguzo, aghalabu huandika "dungusi" bila kusita. Mwalimu naye, akiulizwa na wanafunzi mmea wa namna hiyo unaitwaje, hujibu vivyo hivyo. Neno lenyewe halina ila, na kamusi zetu zinalo pamoja na "mpungate". Lakini ule mti mkubwa wa miiba uotao wenyewe katika nyika zetu, wenye matawi yaliyoinuka juu, si dungusi hata kidogo. Huo ni Euphorbia, jamaa ya mnyaa tunaopandia nyua. Nia yetu ni kueleza mkanganyo huu ulikotoka, na alama ziwezazo kuuondoa.

Wayunani wa kale walikuwa na neno kaktos, nalo Theophrastus alilitumia kwa mmea mwingine kabisa wenye miiba, wa kisiwa cha Sisilia. Madungusi ni mimea ya Amerika, wala hapana Myunani aliyeyaona. Mwaka 1753 Linnaeus alilichukua jina hilo na kuyakusanya madungusi yote aliyoyajua katika jenasi moja, Cactus. Mwaka uliofuata Philip Miller, msimamizi wa bustani ya Chelsea huko London, aliyatenga marefu na kuyaweka katika jenasi Cereus, neno la Kilatini lenye maana ya mshumaa wa nta. Karne moja baadaye, mwaka 1857, Euphorbia kubwa ya Afrika ilipewa jina la candelabrum, yaani kinara cha mishumaa. Hivyo mimea miwili isiyo na nasaba ilipewa majina ya mshumaa kwa sababu ya umbo tu. Na umbo hilo limeletwa na ukame: kila upande shina limenenepa ili kuweka akiba ya maji, na majani yamepungua au yametoweka.

Basi mtu aliye na mmea asioujua atazame nini? Kwanza, atazame miiba inapoanzia. Katika dungusi miiba hutoka kwa mafungu katika kivimbe kidogo chenye manyoya laini, na maua pia huchipuka hapo hapo. Alama hii haikosekani katika dungusi lolote, nayo Euphorbia haina. Kwa kiungo hiki tunapendekeza neno "kitakia", yaani takia dogo, kwa sababu linaeleza kinachoonekana. Euphorbia kubwa za kwetu huwa na miiba miwili miwili, iliyokaa juu ya kigaga kigumu. Pili, atazame utomvu. Euphorbia ikikatwa hutoa utomvu mweupe kama maziwa. Dungusi la nguzo kwa kawaida hutoa ute usio na rangi. Hata hivyo alama hii isitegemewe peke yake, maana yako madungusi madogo, kama baadhi ya Mammillaria, yenye utomvu mweupe. Na ajihadhari: maziwa ya Euphorbia yakiingia jichoni huweza kumpofusha mtu. Kwa sababu hiyo kitabu cha shule kinachouita mti huo dungusi chaweza kumdhuru mtoto.

Ile miinuko iliyosimama wima kwenye shina, ambayo wataalamu huihesabu, baadhi ya wafasiri wameiita "mbavu". Sisi twapendelea "matuta". Ubavu umefichwa ndani ya ngozi, ilhali tuta huonekana na kuhesabika, na kila mkulima analijua.

Kulitambua dungusi kuwa dungusi ni nusu tu ya kazi. Lile lipandwalo sana bustanini kwa jina la Cereus peruvianus linadhaniwa kuwa la Peru kwa sababu jina ladai hivyo. Wataalamu wengi sasa huliita Cereus hildmannianus, na asili yake ni Brazili, Uruguay na Ajentina. Jina la peruvianus lenyewe huunganishwa na Cereus repandus, mmea wa Venezuela na visiwa vilivyo karibu. Hapa hapana budi kulingoja ua. Neli ya ua la Cereus ni tupu, haina nywele. Ya Trichocereus, nguzo za Andes, imejaa manyoya, na ndiyo maana ya jina hilo. Britton na Rose, waliotoa juzuu nne kuhusu madungusi kati ya 1919 na 1923, waliigawa jenasi ya Miller kwa kufuata tofauti kama hizo. Ua la Cereus hufunguka usiku na kunyauka kesho yake, kwa hiyo achelewaye hulikosa.

Mtumishi wa forodha naye ana haja ya maneno haya. Kenya iliingia mwaka 1978, na Tanzania mwaka 1979, katika Mkataba wa Biashara ya Kimataifa ya Viumbe vya Porini Vilivyo Hatarini. Mkataba huo unasimamia karibu madungusi yote na Euphorbia nene pia, na kibali hutaka jina la spishi, si neno "dungusi" peke yake.

Kwa mimea hii ya Miller twaona "dungusi nguzo" linafaa, mradi lisitumiwe kwa Euphorbia. Neno "dungusi" lenyewe lazima libaki pana, kwa kuwa dungusi pekee lililo la asili barani Afrika, Rhipsalis baccifera, halisimami wala halina miiba likikomaa: huning'inia kama kamba kwenye miti ya misitu yetu yenye unyevu, nalo vitakia linavyo.